Radhi, Fidia, Hukumu au Jalada: Kulinganisha Njia Nne za Kutambuliwa kwa Vizazi Vilivyoibwa vya Australia

Tarehe 26 Mei ya kila mwaka, shule na ofisi nyingi nchini Australia huwakumbuka watoto wa Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, na wa wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait walioondolewa mikononi mwa wazazi wao kwa amri ya serikali. Watu hao huitwa Vizazi Vilivyoibwa. Familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko kutoka Kongo, Burundi na kwingineko mara nyingi huijua siku hiyo kupitia watoto wao wanaporudi kutoka shule, na swali linalofuata ni la kawaida kabisa: serikali imefanya nini juu ya jambo hili, na je, limekwisha? Swali hilohilo, kwa uchungu ulio karibu zaidi, linawahusu jamaa wa watoto wa mama Waafrika na baba Wazungu waliochukuliwa na dola ya Ubelgiji katika Kongo, Rwanda na Burundi. Wao hujiuliza waanzie wapi: waombwe radhi, walipwe, waende mahakamani, au wapewe kwanza majalada yenye majina ya mama zao?

Australia imezijaribu njia zote nne, nyingine zaidi ya mara moja, na matokeo yake yako wazi kwa kila anayetaka kuyatazama. Ndiyo maana nimeichagua iwe mahali pa kulinganishia. Sitasema njia moja inazishinda nyingine, kwa sababu kila moja inajibu hitaji tofauti, na madhara mengi niliyoyaona katika historia hii yametokana na kudhani kwamba njia moja inaweza kukaa mahali pa nyingine.

Mambo ya msingi ni haya. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi miaka ya 1970, sheria za majimbo na za maeneo yaliyokuwa chini ya serikali ya shirikisho ziliwapa maofisa uwezo wa kumchukua mtoto wa Kiaborijini, hasa aliyekuwa na mzazi mmoja mweupe, na kumweka katika misheni, nyumba ya malezi au familia ya watu weupe. Katika New South Wales, marekebisho ya sheria ya mwaka 1915 yaliiruhusu Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini kufanya hivyo bila kwanza kumthibitishia hakimu kwamba mtoto alikuwa ametelekezwa. Wasichana walipelekwa Cootamundra kufundishwa utumishi wa nyumbani. Wavulana walipelekwa Kinchela, ambako waliitwa kwa namba badala ya majina. Uchunguzi wa kitaifa ulioongozwa na Sir Ronald Wilson na Mick Dodson ulisikiliza ushahidi wa wenyeji 535, na ripoti yake, Bringing Them Home, yaani kuwarudisha nyumbani, iliwasilishwa bungeni tarehe 26 Mei 1997 ikiwa na mapendekezo 54. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970, mtoto 1 katika kila 10, na pengine hata 1 katika kila 3, aliondolewa kwao.

Vigezo vya ulinganisho

Nitaipima kila njia kwa vigezo vitano vilevile. Cha kwanza ni kinachokiriwa: je, serikali inasema kwamba kosa lilitendeka, na inasema lilikuwa la nani? Cha pili ni uthibitisho, yaani mzigo anaobebeshwa mtu aliyeondolewa ili aaminiwe. Cha tatu ni muda, na hiki ni kizito kwa sababu walengwa wote sasa wamepita umri wa miaka 50 na wengi ni wazee sana. Cha nne ni kinachofika mkononi, iwe ni fedha, karatasi, au jina la kijiji. Cha tano ni wanaoachwa nje. Kigezo hiki cha mwisho husahauliwa mara nyingi, ingawa ndicho kinachoamua kama familia itabaki na amani au itagawanyika kati ya ndugu aliyepata na ndugu aliyekosa.

Siizungumzii hapa kura ya maoni ya tarehe 14 Oktoba 2023 kuhusu kuwatambua wenyeji katika katiba, ambayo ilikataliwa. Hilo ni jambo la watu wote wa asili ya Australia, wala halikulenga hasa walioondolewa utotoni.

Njia ya kwanza: kuombwa radhi hadharani

Kinachokiriwa. Hapa Kiswahili kinatufaa kuliko Kiingereza. Sisi tuna neno pole, ambalo tunampa aliyefiwa, aliyejikwaa na hata aliyetoka safarini, bila kumaanisha kwamba sisi ndio tuliomfikisha hapo. Tuna pia kuomba radhi, ambako anayeomba hujishusha mbele ya aliyemkosea na kukiri kwamba kosa ni lake. Kiingereza hutumia neno moja, sorry, kwa yote mawili, na ubishi uliowagawa Waaustralia kwa zaidi ya miaka 10 ulikaa ndani ya neno hilo. Waziri Mkuu John Howard alishikilia kwamba kizazi cha sasa hakiwezi kubebeshwa makosa ya kizazi kilichopita. Tarehe 26 Agosti 1999 alipeleka bungeni hoja ya kueleza masikitiko ya dhati, ambayo kwa kipimo chetu ilikuwa pole. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu mpya, Kevin Rudd, katika siku za mwanzo kabisa za bunge jipya, aliomba radhi kwa sheria na sera za mabunge na serikali zilizotangulia, akataja waziwazi kuondolewa kwa watoto katika familia zao, jamii zao na nchi yao. Kiongozi wa upinzani, Brendan Nelson, aliunga mkono hoja hiyo. Mabunge ya majimbo kadhaa yalikuwa yametangulia mwaka 1997, na la Queensland likafuata mwaka 1999.

Tofauti kati ya pole na radhi ina uzito wake kwa mtu aliyekulia katika nyumba ya malezi akiambiwa kwamba mama yake hakumtaka. Pole inamwacha na uongo ule kichwani, kwa kuwa inahuzunika naye bila kusema ni nani aliyemtenga. Radhi inasema mbele ya taifa zima kwamba mkono uliomchukua ulikuwa wa serikali, na kwa hiyo mama hakumtupa. Nadhani hilo ndilo lililowatoa machozi maelfu waliokusanyika nje ya jengo la bunge mjini Canberra asubuhi ile.

Uthibitisho. Hauhitajiki wowote. Radhi huwafikia wote kwa pamoja, mwenye nyaraka na asiye nazo.

Muda. Tendo lenyewe lilichukua asubuhi moja, lakini lilisubiriwa kwa miaka 11 tangu ripoti ilipotolewa, na kabla yake, tarehe 28 Mei 2000, watu wapatao 250,000 walivuka kwa miguu Daraja la Bandari la Sydney kuunga mkono maridhiano. Radhi haiji kwa fomu. Huja kwa shinikizo la umma na kwa kubadilika kwa uongozi.

Kinachofika mkononi. Fedha, hapana. Serikali ya Rudd ilisema tangu mwanzo kwamba haitaanzisha mfuko wa fidia, na kwa wengi hilo liliacha tendo likiwa nusu. Kilichofuata ni kuundwa kwa taasisi ya uponyaji, Healing Foundation, mwaka 2009, ambayo bado inawahudumia waathirika na kupaza sauti zao.

Wanaoachwa nje. Waliokwisha kufa, na juu ya wote, akina mama. Tunasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazazi walioujua uchungu huo karibu wote walikuwa kaburini radhi ilipoombwa. Zaidi ya hapo, radhi ya jumla haimtaji mtu kwa jina, wala haitaji misheni fulani au ofisa fulani.

Inamfaa nani. Inamfaa anayehitaji kwanza aibu iondoke juu yake na juu ya mama yake, na inaifaa jamii ambayo historia yake bado inakanushwa hadharani. Haimfai kama njia pekee mtu mwenye dhiki ya maisha leo.

Njia ya pili: mpango wa fidia

Kinachokiriwa. Mpango wa fidia hukiri kwamba mtu huyu, kwa jina lake, aliondolewa, na kwamba anastahili kitu. Mingi hulipa bila serikali kukubali wajibu wa kisheria. Baadhi imejaribu kuziba pengo hilo: jimbo la Victoria linaambatanisha malipo na radhi ya serikali kwa mtu binafsi, na mpango wa shirikisho unampa mhusika nafasi ya kumsimulia ofisa wa ngazi ya juu yaliyomkuta na kuombwa radhi ana kwa ana.

Uthibitisho. Ni mwepesi kuliko wa mahakamani. Hakuna wakili wa upande wa pili anayemhoji mzee mpaka alie, na wahudumu wa mpango husaidia kutafuta nyaraka. Hata hivyo maswali yapo, na yanauma: uliondolewa na nani, lini, na kwa sheria ipi? Mtoto aliyebadilishwa jina akiwa na miaka 2 hana majibu hayo kichwani. Tasmania ilipofungua mpango wake, maombi 151 yalipokelewa na 106 yakakubaliwa.

Muda. Kwa mwombaji mmoja ni miezi. Kwa kundi zima ni kungoja jimbo lake liamue. Tasmania ilitunga sheria mwaka 2006 na kutenga dola milioni 5. South Australia iliwapokea waombaji kwa mwaka mmoja tu, tangu 2016. New South Wales ilifuata mwaka 2017. Serikali ya shirikisho ilitangaza mpango wa dola milioni 378.6 tarehe 5 Agosti 2021 kwa ajili ya maeneo yaliyokuwa chini yake, yaani Northern Territory, eneo la mji mkuu na Jervis Bay, ukafunguliwa Machi 2022, mwezi uleule Victoria ilipofungua wa kwake wa dola milioni 155. Western Australia ilitangaza wake tarehe 27 Mei 2025, miaka 28 baada ya ripoti. Queensland ilikuwa ndilo jimbo pekee lililobaki bila mpango.

Kinachofika mkononi. Dola zote ninazozitaja ni za Australia. Waliokuwa hai Tasmania walipata dola 58,333 kila mmoja. South Australia ililipa 20,000, kisha ikaongeza 10,000. New South Wales ililipa 75,000, serikali ya shirikisho 75,000 na nyongeza ya 7,000 ya kusaidia uponyaji, Western Australia 85,000, Victoria 100,000. Ninapoziandika tarakimu hizi mfululizo, jambo moja hunikaa moyoni: kosa ni lilelile, lakini bei yake hubadilika kwa mpaka wa jimbo uliochorwa na watu wasiowajua hawa watoto. Mtoto aliyechukuliwa jimbo moja na kulelewa jingine huweza kujikuta akiuliza ni serikali ipi hasa anayopaswa kuidai, na jibu la swali hilo ni tofauti ya makumi ya maelfu ya dola.

Wanaoachwa nje. Hapa ndipo penye kidonda kikubwa. Western Australia inawalipa walio hai tu, walioondolewa kabla ya tarehe 1 Julai 1972. Mpango wa shirikisho unairuhusu familia kudai iwapo mhusika alifariki baada ya siku uliotangazwa. Aliyefariki siku moja kabla, watoto wake hawana dai. Ni Tasmania iliyowakumbuka kwa kiasi kidogo watoto wa marehemu, 22 kati yao. Kwa desturi zetu deni la marehemu halifutiki kwa kifo chake, hurithiwa pamoja na mali, na kwa kipimo hicho ninaona ugumu kulitetea deni la serikali linalokufa pamoja na mdai.

Inamfaa nani. Inamfaa mzee aliye hai, anayetaka jambo liishe bila kusimama kizimbani, na ambaye fedha itamfaa kwa matibabu, nyumba au nauli ya kwenda kulizuru kaburi la mama yake. Haimfai anayetaka chombo huru kitamke kwamba serikali ilivunja sheria.

Njia ya tatu: kwenda mahakamani

Kinachokiriwa. Mahakama ikikubali, hukiri kwa nguvu kuliko njia zote: husema sheria ilivunjwa, na husema na nani. Ikikataa, hata hivyo, ukanusho wake nao una nguvu hiyohiyo.

Kesi tatu zinatosha kuonyesha mizani hii. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi iitwayo Kruger, iliamua kwamba sheria ya mwaka 1918 iliyotumika kuwaondoa watoto Northern Territory haikuwa kinyume cha katiba. Mwaka 2000, Lorna Cubillo na Peter Gunner, waliochukuliwa utotoni huko huko Northern Territory, walishindwa katika Mahakama ya Shirikisho. Katika shauri la Gunner palikuwa na fomu ya idhini yenye alama ya kidole gumba iliyosemekana kuwa ya mama yake, na jaji aliipa uzito karatasi hiyo ingawa mama hakuwepo tena kusema kama alielewa alichoombwa. Jaji aliona pia kwamba ofisa aliyewaondoa watoto alipewa na sheria uamuzi wake mwenyewe, hivyo serikali haikubebeshwa matendo yake, na kwamba baada ya mashahidi wengi kufariki serikali isingeweza kujitetea kwa haki. Msomaji aone jinsi muda unavyofanya kazi hapa: kuchelewa kulikotokana na kosa lenyewe, kwa kuwa mtoto alitengwa na kila aliyeweza kumweleza haki zake, kuligeuka kuwa kinga ya mkosaji.

Kesi ya tatu ni ya Bruce Trevorrow. Siku ya Krismasi ya mwaka 1957, akiwa na umri wa miezi 13, alipelekwa hospitali mjini Adelaide akiumwa tumbo. Alipopata nafuu, maofisa walimkabidhi kwa familia ya watu weupe bila wazazi wake kujua. Mama yake aliandika barua kuuliza mtoto atarudi lini, akajibiwa kwamba anaendelea vizuri lakini madaktari bado wanamhitaji, wakati kwa kweli alikuwa tayari ameshatolewa hospitalini. Barua hizo zilibaki katika jalada. Tarehe 1 Agosti 2007, karibu miaka 50 baadaye, Jaji Thomas Gray wa Mahakama ya Juu ya South Australia aliamua kwamba serikali ya jimbo ilitenda kinyume cha sheria, akampa dola 525,000, na riba ya 250,000 juu yake. Trevorrow alifariki Juni 2008 akiwa na umri wa miaka 51.

Uthibitisho. Ni mzito mno. Ukizilinganisha kesi ya Gunner na ya Trevorrow, utaona kwamba uzito wa kilichoandikwa na kutunzwa ulipita ule wa uchungu aliobeba kila mmoja. Karatasi moja yenye alama ya kidole ilimwangusha mmoja, na barua ya mama ilimsaidia mwingine.

Muda. Ni miaka, na serikali ina uwezo wa kukata rufaa. South Australia ilikata rufaa kuhusu hoja za kisheria, ikashindwa katika mambo makuu mwaka 2010, wakati aliyeshinda hayupo tena duniani.

Kinachofika mkononi. Ama kiasi kikubwa kuliko mpango wowote wa fidia, ama hakuna kitu, ama maelewano katikati. Kesi ya pamoja iliyofunguliwa mwaka 2021 dhidi ya serikali ya shirikisho, kwa ajili ya walioondolewa Northern Territory, iliishia kwa makubaliano ya dola milioni 50.45 mwaka 2022. Ni vyema kukumbuka kwamba mpango wa fidia wa shirikisho ulitangazwa miezi michache tu baada ya kesi hiyo kufunguliwa; shauri lisilofika kwenye hukumu laweza pia kuisukuma serikali.

Wanaoachwa nje. Wasio na karatasi, wasio na nguvu ya kuhojiwa, na wale ambao sheria iliyotumika kuwaondoa ilikuwa halali kwa wakati wake, hata kama ilikuwa dhalimu.

Hapa ndipo jamaa wa Kongo, Rwanda na Burundi wana jambo la kulitazama. Ubelgiji iliomba radhi kupitia Waziri Mkuu Charles Michel tarehe 4 Aprili 2019, lakini haikuambatanisha fidia kwa mtu mmoja mmoja. Wanawake watano waliochukuliwa kwa mama zao wakiwa wadogo na kuwekwa katika misheni ya Katende, Kasai, walikwenda mahakamani, wakashindwa mwaka 2021, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikawapa ushindi: iliamua kwamba kuchukuliwa kwao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Uhalifu wa aina hiyo haufi kwa kupita muda, na kwa hiyo kile kikwazo cha muda kilichochangia kuwaangusha Cubillo na Gunner hakikuwazuia wao. Anayefikiria kwenda mahakamani aulize kwanza jambo hili la ukomo wa muda, kabla ya kuuliza gharama.

Inamfaa nani. Mwenye nyaraka madhubuti, mwenye kikundi nyuma yake, na anayeweza kuvumilia kushindwa bila kuvunjika tena.

Njia ya nne: majalada na kuunganishwa na ndugu

Njia hii haina sherehe, na labda ndiyo sababu huandikwa kidogo. Tangu mwaka 1980, shirika la Link-Up lililoanzishwa New South Wales na Coral Edwards na Peter Read limekuwa likiwatafutia walioondolewa mama, kaka, dada na ardhi ya ukoo wao, na huduma za namna hiyo zimeenea katika majimbo mengine. Desemba 1997 serikali ya Howard, iliyokataa kuomba radhi, ilitenga dola milioni 63 kwa ajili ya kuunganisha familia, ushauri nasaha na kupanga kumbukumbu. Ninaitaja hiyo kwa haki ya ulinganisho: waliotoa pole walitoa fedha za majalada, na walioomba radhi hawakutoa fidia.

Kinachokiriwa. Hakuna tamko. Kinachokiriwa ni ukweli mdogo wa mtu mmoja: ulizaliwa hapa, mama yako aliitwa hivi, aliandika barua kukuulizia.

Uthibitisho. Hapa mtu ndiye anayeuliza, na serikali ndiyo inayotakiwa kujibu. Lakini majalada mengine yalipotea, mengine yako mikononi mwa makanisa, na lugha iliyotumika ndani yake ni ya kudhalilisha. Si jambo la kumwachia mzee alisome peke yake mezani usiku. Huko South Australia, michoro ya koo na picha alizokusanya mwanaanthropolojia Norman Tindale mwishoni mwa miaka ya 1930 imewasaidia wengi kumwona bibi au babu yao kwa mara ya kwanza.

Muda. Huweza kuanza leo, bila kungoja bunge wala jaji.

Kinachofika mkononi. Jina, picha, kaburi, na wakati mwingine ndugu aliye hai. Si kila kuonana huwa kwa furaha. Mtu aliyelelewa bila lugha ya kwao hufika akiwa mgeni, na kuna wanaohitaji kwenda mara kadhaa kabla ya kukaa kwa utulivu.

Wanaoachwa nje. Kwa kanuni hakuna. Watoto na wajukuu wa waliokufa, ambao fidia na mahakama mara nyingi huwafungia mlango, wana nafasi katika njia hii.

Inamfaa nani. Karibu kila mtu, kama hatua ya kwanza, ingawa peke yake haimlazimishi mkosaji kusema lolote.

Uamuzi kwa kutazama hali

Ikiwa mhusika yu hai, ni mzee au mgonjwa, na jimbo alikoondolewa lina mpango uliofunguliwa, maombi ya fidia yatangulie mengine yote. Dirisha la Victoria limepangwa kufungwa tarehe 31 Machi 2027. Kabla ya kutia saini chochote asomewe kipengele kinachohusu haki ya kushtaki baadaye, na asomewe na mtu asiye wa serikali wala wa kampuni ya mawakili inayotafuta wateja.

Ikiwa alichukuliwa Queensland, au mahali popote pasipo na mpango, kazi ni ya pamoja zaidi kuliko ya mtu mmoja: kikundi kikusanye shuhuda na kudai mpango, huku mawakili wakitazama kama kuna hata shauri moja lenye nyaraka kama zile za Trevorrow. Shauri moja lenye nguvu lina uwezo mkubwa zaidi wa kuwasogeza mawaziri kuliko mashauri 20 dhaifu yanayoweza kuzaa hukumu mbaya inayowafunga na wengine.

Ikiwa jambo lenyewe bado linakanushwa katika jamii, na wazee wanaona haya kusimulia, radhi ya hadharani idaiwe kwanza, na idaiwe kwa maneno ya radhi wala si ya pole. Wanaodai wahakikishe pia kwamba ndani yake mna ahadi ya kutorudia. Australia leo, zaidi ya watoto 4 katika kila 10 walio chini ya malezi ya serikali ni wenyeji wa asili, ingawa wao ni sehemu ndogo sana ya watoto wote nchini. Bibi aliyelipwa fidia anaweza kuwa na mjukuu aliyechukuliwa mwaka huu.

Na ikiwa aliyeondolewa ameshafariki, watoto wake waombe jalada lake. Waliombe kwa maandishi, wataje kila jina alilowahi kuitwa, mwaka wa kuzaliwa hata kama ni wa kukisia, na jina la nyumba au misheni alikokulia. Waulize kanisa kama wanavyouliza serikali. Jalada likifika, lifunguliwe mbele ya ndugu wote, asubuhi, akiwepo mtu mmoja aliyewahi kusoma majalada ya namna hiyo.